Petroli Imeshuka

Mkunga mstaafu alikaa nyuma ya wanaume wawili, kikapu cha mayai mapajani, macho dirishani, masikio yote mbele.

"Petroli imeshuka tangu mwezi juzi, mbona nauli iko palepale?" fundi wa kuchomelea alimlalamikia mwalimu aliyeketi naye, ambaye walijuana humo humo basini. "Kupandisha ni mbio, kushusha wanajivuta. Hawana haya!"

"Kwani unapanda basi kila siku?"

"Hapana, nina pikipiki, leo iko gereji. Nilikuwa naenda nayo kwa mama kila Jumapili. Petroli ilipopanda nikamwomba anivumilie, niwe naenda mara moja kwa mwezi."

"Na sasa imeshuka. Umerudia kila Jumapili?"

Fundi akakuna kidevu. "Nimeshazoea kupumzika, mwalimu. Na yeye hajauliza."

"Basi na wenye mabasi nao wamezoea."

"Aa, usinifananishe na hao!"

Mkunga akakikumbatia kikapu chake. Mwanawe mwenye gari naye alimwomba amvumilie petroli ilipopanda, ndiyo maana leo ameamua kumfuata mwenyewe. Kwa kuwa yeye hanunui petroli, hakuwa na habari kwamba imeshuka.

Basi likasimama. Kondakta akamgeukia mkunga, aliyekuwa bado ameketi.

"Mama, si ulisema unashuka hapa?"