Hatujui Bado, Jioni Tutawaambia

Dada yetu, ambaye wengi mlimwita Bi Taarifa, alizaliwa tarehe 9 Machi 1967, kifungua mimba wa karani wa posta na mshona nguo. Alipokuwa na miaka minane, mama alilazwa hospitali. Wakubwa walimwambia, "Usiogope, Jumapili anarudi." Jumapili akavaa gauni jipya, akakaa mlangoni hadi giza likaingia. Mama alikuwa amezikwa Ijumaa. Tangu hapo neno "usiogope" lilimtisha kuliko radi.

Alimaliza sekondari mwaka 1985, akasomea uandishi wa habari. Walimu walisema maswali yake yangemtoa nyoka pangoni, tena nyoka akiomba radhi.

Mwaka 1990 aliajiriwa wizara ya afya. Huko alikutana na fundi umeme aliyekuja kutengeneza soketi, akawa anairudia soketi ile ile, nzima kabisa, hadi mlinzi akamwambia, "Kaka, sema tu unachotaka." Walifunga ndoa tarehe 14 Desemba 1991, wakajaliwa binti mmoja.

Miaka ya mwisho kazini alisimamia kurasa za wizara mitandaoni. Desturi ya ofisi ilikuwa kila tangazo lianze na "Wananchi msiwe na hofu." Watu wakiliona tu, mbio dukani kujaza akiba. Kipindupindu kilipoingia mjini, Februari 2018, waliuliza kama maji ya bomba ni salama. Mkurugenzi akaleta tangazo lile lile la siku zote. Dada akaandika lake: "Hatujui bado. Maabara inapima. Chemsheni maji. Saa kumi na mbili jioni tutawaambia."

"Umetuvua nguo hadharani!" mkurugenzi alifoka.

"Bosi, kwani tulikuwa tumevaa?"

Saa kumi na mbili ikafika, majibu hayajaja, na barua ya kumsimamisha kazi imeshachapwa. Akaandika, "Bado. Endeleeni kuchemsha." Matusi yakamiminika, akayajibu moja moja, chakula kikipoa mezani. Kesho yake maabara ilithibitisha kuwa maji yalikuwa na vimelea. Barua haikutiwa sahihi, ila dada hakuujua tena usingizi mnono. Simu ikilia tu, alishtuka.

Mei 2023 aligundulika kuwa na saratani ya ini. Ndugu tulikaa kikao tukakubaliana asiambiwe. Binti yake aliitikia kwa kichwa, lakini siku hiyo hakugusa chakula. Jioni dada akamuuliza, "Mwanangu, nitapona?"

"Usiogope, wifi yangu," dada wa mumewe akadakia.

Binti alimwona mama yake akikunja shuka ndani ya ngumi. Akapiga magoti. "Hutapona, Mama. Lini, hatujui bado. Nikijua nitakuambia."

Ngumi ikafunguka. "Ahsante. Sasa nipe chai."

Asubuhi ya tarehe 6 Agosti daktari alimwita binti pembeni. Aliporudi alimwinamia mama yake, akamwambia, "Mama, ni leo." Dada aliitikia kwa kichwa. Saa nne akatutoka, viganja vyake wazi juu ya shuka.

Ameacha mume, binti na wadogo wawili. Simu yake tumeizima. Apumzike kwa amani.