Tupu si Sifuri: Mama Cresensia Hhando Aiacha Karatasi ya Rangi

Ijumaa ya tarehe 30 Novemba 2007, Mama Cresensia Hhando ataifunika kompyuta yake kwa kile kitambaa cha maua alichokishona mwenyewe, na ofisi ya takwimu ya shamba letu la kahawa hapa Oldeani itampoteza mtu aliyelitumikia shamba hili kwa miaka thelathini na mmoja. Anastaafu akiwa na umri wa miaka sitini. Nimepewa kazi ya kuandika wasifu huu kwa sababu yeye ndiye aliyenifundisha kazi nilipomaliza kidato cha nne, na kwa sababu kila mtu hapa anajua kwamba kusema mbele ya watu siwezi.

Mama Cresensia ni mzaliwa wa Ganako. Alianza kazi mwaka 1976 kama mchumaji wa kahawa, akawa mpima kilo, kisha karani. Kompyuta ya kwanza ilipoletwa mwaka 1998, alipelekwa Arusha kusoma matumizi yake. Alirudi na disketi mbili na kikohozi cha vumbi la barabarani. Disketi ziliharibika mapema. Kikohozi, anasema mwenyewe, kilidumu.

Kazi aliyoifanya baada ya hapo ndiyo inayojulikana shamba zima kwa jina la Karatasi ya Rangi. Zamani taarifa ya mwezi ilikuwa bunda la makaratasi ambalo wakubwa walilitia saini bila kulifungua. Yeye alitengeneza ukurasa mmoja tu kwenye Eksel. Kila mstari ulikuwa sehemu moja ya shamba, na kila safu ilikuwa jambo moja: kilo zilizochumwa, mahudhurio, dizeli, usalama. Kila kisanduku kililinganisha lengo na kilichofanyika, kisha kikajipaka rangi chenyewe. Kijani, mambo mazuri. Njano, angalieni. Nyekundu, kuna tatizo. Karatasi ilibandikwa ukutani kwenye korido, na watu waliisoma wakiwa wamesimama, hata wale waliosema hawaijali. Fundi wa matrekta, Emilian, alilalamika kila mwezi: "Mama, dizeli yangu mbona umeipaka pilipili tena?" Naye alimjibu kila mwezi: "Punguza kwenda Karatu kuangalia mpira, itageuka hoho ya kijani."

Mlinzi wetu Metui, ambaye wengi mnamfahamu kwa kicheko chake, aliukuta siku ya kwanza mstari wa walinzi umekuwa mwekundu wote kwa sababu ya utoro. Akawaita wenzake kwa furaha: "Njooni muone! Wengine wamepakwa majani, sisi tumevaa!" Kwake yeye Mmaasai, nyekundu ilikuwa lubega, vazi la mtu anayeheshimika. Mama Cresensia alicheka mpaka akakaa chini. Neno hilo likabaki ofisini, na sehemu yoyote iliyopata nyekundu iliambiwa kwamba imevaa.

Ningependa kuishia kwenye vicheko, lakini wasifu wake usingekuwa wa kweli. Yanayofuata nimeyasikia kwake na kwa Metui, nao wameniruhusu niyaandike.

Agosti 2001 trela lililokuwa limebeba wachumaji waliosimama lilipinduka kwenye mteremko nje kidogo ya geti. Kijana mmoja alikufa. Aliitwa Sakaya, mtu wa Piyaya, aliyekuja kuchuma kahawa baada ya ukame kuwamaliza ng'ombe wa baba yake. Msimamizi wa sehemu yake aliusindikiza mwili hadi Piyaya, kwa hiyo mwisho wa mwezi hakuna aliyeleta taarifa ya usalama ya sehemu ile. Kisanduku kikabaki tupu. Kompyuta haijui tofauti ya tupu na sifuri. Ilisoma ajali sifuri, ikakipaka kijani. Mama Cresensia alichapisha ukurasa, akaubandika, akaendelea na kazi nyingine.

Siku hiyo hiyo mama yake Sakaya, Naipanoi, alifika kuchukua vitu vya mwanawe, blanketi na redio. Alipita koridoni, akasimama mbele ya ile karatasi, akamwuliza Metui kwa Kimaa inasema nini juu ya mtoto wake. Metui si mtu wa kuficha. Alimwonyesha kisanduku, akamwambia kwamba kimepakwa rangi ya nyasi, na maana yake ni kwamba hakuna aliyeumia.  Naipanoi akauliza: "Mmeshaotesha nyasi juu yake mara hii?"

Metui alimtafsiria Mama Cresensia maneno hayo mlangoni pa ofisi. Mama alisimama, akaibandua karatasi, akaenda nayo kwa meneja wa wakati ule, Bwana Eliapenda.

Bwana Eliapenda hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa anawasubiri wanunuzi kutoka nje wiki ile. Alisema ajali ilitokea nje ya geti, na barabara si ya shamba. Afadhali kijani kibaki.

"Na trela lilikuwa la nani, Bwana Meneja?" Mama aliuliza.

"Mama Cresensia, Januari natafuta karani mkuu. Nataka mtu anayeielewa biashara."

Nafasi ile Mama alikuwa ameitamani muda mrefu, na sababu ilijulikana. Karani mkuu hupewa nyumba ya chini, karibu na zahanati, yenye bomba ndani. Mumewe, Mzee Piusi, alikuwa amepooza upande mmoja, nao walikaa nyumba za juu ambako maji hupandishwa kwa ndoo.

Alirudi mezani, akaandika moja mahali palipokuwa patupu. Kisanduku kikawa chekundu. Akachapisha upya.

Naipanoi alikuwa amelala kwa Metui. Asubuhi, kabla hajaondoka, Mama Cresensia alimpelekea ile karatasi, akamwomba radhi mbele ya watu. Naipanoi aliweka kidole juu ya ile nyekundu, akakaa nacho pale. Metui anakumbuka alichosema: "Sasa mmemvalisha."

Karani mkuu alichaguliwa mtu mwingine. Mzee Piusi alifariki mwaka 2004 katika nyumba ya juu. Mama Cresensia hakuwahi kuyasema haya mawili kwa pamoja mbele yangu. Nimeyaweka pamoja mimi, naye aliposoma hakuyafuta.

Baada ya ajali ile aliibadilisha fomula. Tangu hapo kisanduku kisichojazwa hakipati kijani. Kinakuwa cheusi, na kinabaki cheusi mpaka mtu aje mwenyewe aseme kilichotokea. Juu ya kompyuta alibandika maneno matatu, tupu si sifuri, na ndiyo yalikuwa somo langu la kwanza, kabla hata ya kuniruhusu kugusa kibodi. Weusi ule uliwaudhi wasimamizi, lakini ndio uliowalazimisha kuzitaja ajali za matrela, hadi watu wakachoka kuziona ukutani. Leo matrela yana mabenchi na vyuma vya kushikilia. Nyekundu imerudi kwenye safu ya usalama zaidi ya mara moja, na kila iliporudi ilibaki ukutani mwezi mzima bila mtu kuja kuomba ibadilishwe.

Mama Cresensia, tunakushukuru kwa hesabu zako, kwa hoho na pilipili zako, na kwa kukubali kulipa bei ambayo sisi hatukuilipa. Nenda Ganako ukapumzishe magoti, mahindi yako yazae, na wajukuu wakuchoteshe kicheko, maana maji umeyabeba ya kutosha.

Jumatatu kiti chako kitakuwa tupu. Hatutakisoma kama sifuri.

Anitha
Ofisi ya Takwimu