Ramani ya Tembo na Jina Nililolitaja

Jina la Bwana litukuzwe, ndugu zangu! Asante mchungaji kwa dakika ulizonipa. Naomba jambo moja kabla sijaanza: msiniitikie amina mpaka nimalize. Nimesimama hapa na hasira, na mtu mwenye hasira akiitikiwa amina mapema huona kila analosema ni haki tupu.

Mnanijua. Mimi ni Kabula, binti wa marehemu Sayi, ambaye shamba lake liko mwisho wa kijiji, upande wa pori la akiba. Siku hizi nasoma chuo kule Bariadi, najifunza kutengeneza tovuti. Wazee msiojua tovuti ni nini, ni kama ubao wa matangazo, ila mtu anausoma akiwa kwao, hata akiwa ng'ambo. Nimekuja kushuhudia jinsi Mungu alivyoniokoa kwa kupitia tovuti hiyo. Najua inachekesha. Chekeni sasa, maana mbele hakuna cha kuchekesha.

Baba yangu aliuawa na tembo wakati mahindi yanakomaa. Ilikuwa asubuhi, jua limeshatoka. Walikwenda watu watatu kuwafukuza, wanapiga madebe. Wawili walirudi kwa miguu. Baba tulimleta kwa mkokoteni wa ng'ombe. Sitaeleza zaidi, mama yangu amekaa hapa.

Msiba haujaisha watu wakaanza kunong'ona. Tembo gani anawaacha watu wawili, anamfuata mmoja? Huyo ametumwa. Nani amemtuma? Ndugu zangu, sisi hapa tukifiwa tunalia kwa jicho moja, jingine linatafuta mchawi!

Baba mdogo Masunga akasema twende kwa mganga. Tulikwenda watu watano wa ukoo. Na mimi, Kabula, mwimbaji wa sauti ya kwanza kwenye kwaya hii, mwenye cheti cha kidato cha nne, ndiye niliyembeba kuku kwenye kikapu. Mganga akampasua, akamwangalia ndani, akatikisa kichwa. Akasema ni mwanamke, ni wa damu, na kuna ugomvi wa ardhi. Basi, akanyamaza. Leo nikikumbuka ule ukimya nawaka hasira. Ndivyo wanavyofanya matapeli hawa. Hawamtaji mtu. Wanakuchimbia shimo, halafu wanakungoja wewe umsukume mtu ndani.

Watu wote walitazama chini. Mimi nikasema, "Ni shangazi Minza."

Ndiyo. Mmekuwa mkisema mganga alimtaja. Mganga hakumtaja. Nilimtaja mimi, na kwa sauti ambayo hata waliokuwa nje uani waliisikia.

Nilikuwa na ushahidi wangu, ndugu zangu, na niliuona wa kutosha. Shangazi Minza ni dada wa baba, mjane, anaishi peke yake. Macho yake mekundu, yale mnayoyaita ya kichawi. Na mwaka ule baba alipofyeka ngitili ya ukoo, lile pori tulilolitunza kwa malisho ya kiangazi, ili alime mahindi, niliwaona kwa macho yangu wakigombana palepale. Shangazi alikuwa anapiga mguu chini, anaonyesha kidole kule porini. Niliona kidole tu, maneno sikuyasikia. Nikajua anataka lile shamba.

Wiki ile ile watu wa ukoo wakamwambia shangazi aondoke au ataona. Mlango wake ukavunjwa, kuku wake wakachinjwa na watu waliokuwa wamekunywa kwake maji miaka yote. Akabeba mzigo mmoja kichwani, akatembea mpaka Mwandoya kutafuta gari, akaenda kujificha kwa binamu yake Lalago. Alipita mbele ya kanisa hili siku ya mazoezi ya kwaya. Tulikuwa tunaimba. Hatukuacha kuimba! Na wewe mchungaji, nakuheshimu, lakini ulimwona na ukanyamaza.

Mimi nikaenda zangu chuo, nikiwa na amani ya mtu aliyelipiza kisasi. Amani gani ile? Usiku silali, mchana nagombana na kila mtu bwenini.

Sasa sikilizeni. Mwalimu wetu ni Bi Zuhura, mwanamke wa Tanga, mwislamu, aliyehamishiwa huku kikazi. Akatuambia darasa zima tutengeneze tovuti moja ya utalii wa mkoa wetu wa Simiyu. Mmoja akapewa ukurasa wa ngoma, mwingine wa vyakula, mwingine nyumba za wageni. Mimi nikapewa tembo.

Nikaambiwa niandike, "Karibu uwaone tembo wetu." Tembo wetu! Nilikaa mbele ya kompyuta kipindi kizima bila kuandika hata herufi. Halafu nikasimama nikamwambia mwalimu kwamba tembo wake wamemuua baba yangu, na kama anataka wasifiwe awasifu mwenyewe. Nilidhani atanifukuza. Hakunifukuza, wala hakunibembeleza. Akasema, "Basi usiwasifu. Andika wanapopita, ili mgeni asijenge hema lake njiani mwao."

Nikaipokea kazi ile kwa ubaya. Nikasema moyoni, nitachora ramani ya kuwaaibisha. Kila shamba lililoliwa, kila ghala lililobomolewa, kila kaburi, nitaweka alama nyekundu, mzungu akifungua aone damu. Likizo nzima nilizunguka na simu, vijiji vinne. Pale mtu aliponionyesha, "Walipita hapa," nilisimama, simu ikasoma mahali, nikahifadhi. Mtakumbuka mliniona, mkasema binti wa Sayi kachanganyikiwa.

Niliporudi chuo nikaziweka alama zote kwenye ramani. Nilitegemea zitamwagika ovyo kama punje za mtama. Ndugu zangu, zilijipanga! Zilitoka kwenye pori la akiba, zikafuata bonde, zikaenda mpaka mtoni, mstari mmoja kama njia ya ng'ombe kwenda kunywa. Na nyingine zilikuwa za zamani, kabla mimi sijazaliwa. Katikati ya ule mstari palikuwa na pengo moja tu. Sikuwa nimeweka alama ya shamba letu, kwa sababu sikuweza kwenda kusimama pale.

Nikaiweka. Ikaziba pengo.

Tembo hakuwa ametumwa na mtu. Alikuwa anakwenda kunywa maji, kwa njia yake, na baba alikuwa ameziba njia hiyo kwa mahindi.

Nilimpigia mama palepale nje ya darasa. Nikamuuliza, siku ile baba na shangazi walikuwa wanagombania nini? Mama akasema shangazi alikuwa anamwambia baba asilime pale, kwamba babu aliiacha ngitili pale makusudi kwa sababu tembo hupita, kwamba mahindi yatamletea kifo mlangoni. Kidole kile nilichokiona kilikuwa kinamwonya kaka yake. Nikampigia mama kelele, kwa nini hukusema? Mama akanijibu, "Mimi ni mjane, ng'wanawane, mwanangu. Ningemtetea, wangenitaja mimi."

Nikaingia chooni kunawa uso. Kwenye kioo nikaona macho yangu, mekundu kabisa, kwa siku nyingi za kukodolea kompyuta. Ya shangazi ni ya moshi wa samadi, miaka hamsini ya kuwapikia watu. Wakiwemo ninyi. Nikaanguka chini kwenye ile sakafu yenye maji, nikamlilia Mungu. Sikuomba kwa maneno mazuri. Nilimwambia, Bwana, muuaji ni mimi, nitoe humu.

Na alinitoa! Chuki ile juu ya shangazi iliondoka siku ile, sijaiona tena. Hasira imebaki, nayo sasa inajua pa kwenda. Nina hasira na mganga aliyekula kuku wetu na heshima yetu. Nina hasira na ukoo wangu. Nina hasira na mimi.

Nilikwenda Lalago. Nilimkuta shangazi anaanika michembe ya viazi juu ya jiwe. Nilipiga magoti nikamweleza yote, kuanzia kuku mpaka ramani. Aliendelea kugeuza vile viazi kimoja kimoja. Halafu akaniuliza, "Jina langu ulilitaja kwa sauti au ulinong'ona?"

Nikasema, "Kwa sauti, shangazi."

Akasema, "Basi na kunisafisha kuwe kwa sauti."

Ndiyo maana nimesimama hapa. Ukurasa wangu uko tayari. Una ramani, una onyo kwa mgeni na kwa mkulima, na chini kabisa nimeandika kwamba aliyeionya familia yangu kuhusu mapito yale ni Minza, dada wa Sayi. Wa ng'ambo watalisoma jina lake kabla ninyi hamjalisema.

Namshukuru Mungu aliyenionyesha ukweli kwa mkono wa mwalimu asiyesali na sisi. Namshukuru mama, amesema leo asubuhi kwamba hataogopa tena. Na ninyi nawaalika kumtumaini huyu Mungu, lakini si kwa midomo tu. Shangazi yangu yuko hapa. Nilimleta jana. Ni yule kwenye benchi la mwisho karibu na mlango, ambaye tangu ibada ianze hakuna aliyemsalimia, na benchi zima mmemwachia peke yake. Baba mdogo Masunga, usiangalie kitabu cha nyimbo, hakuna wimbo sasa.

Shangazi Minza hakumuua baba yangu. Nasema kwa sauti. Alijaribu kumwokoa, nasi tukamfukuza.

Nimemaliza. Amina zenu bado sizitaki. Nashuka sasa naenda kule mlangoni, nipige magoti nimwamkie shangazi yangu, kisha nikae kwenye benchi lake. Nafasi iliyobaki pale ni ya watu sita. Anayemwamini Mungu anifuate.