Kumuaga Jocelyne, Aliyetuhesabia Siku

Mheshimiwa Mwenyekiti wa jumuiya yetu, Bwana Jumbe. Baba Mchungaji Cédric, mwenye ukumbi. Shehe Khatibu, uliyefika mapema kuliko Wakristo wenyewe. Madamu Jocelyne, mwenye siku yake. Wageni mlioalikwa, na ninyi ambao hamkualikwa ila mlifuata harufu ya pilau kutoka Rosettenville: nawasalimu nyote, kila mtu kwa cheo chake, na asiye na cheo ajipe kimoja.

Bwana Jumbe amenipa dakika kumi. Amenipa kwa mashaka, kwani nimemwona akimnong'oneza Murielle azime kipaza sauti nikizidisha. Murielle, mwanangu, wewe ndiye unayechukua kazi ya Madamu kuanzia Jumatatu. Usianze kazi kwa kuwanyamazisha wateja.

Kwa msionifahamu, mimi ni Théodore, ingawa wengi wenu mnaniita Papa Gaël. Shule niliishia darasa la nne, hivyo anayengojea Kiswahili cha redio na atulie na soda yake. Nimeambiwa nimsifu Madamu Jocelyne, wakala wetu wa bima ya afya kwa miaka kumi na tisa, na nitamsifu. Lakini mwaka huu mzima hapa mtaani kwetu La Rochelle, Johannesburg, imesemwa kwamba Madamu aliisahau fomu yetu ndani ya mkoba wake, na kwamba ndiyo sababu macho ya mke wangu yalimngoja daktari miezi kumi na miwili. Jumamosi Madamu anapanda basi kwenda Durban, kukaa kwa binti yake. Je, ni haki apande na mzigo ambao si wake? Mwenye mzigo nitamtaja. Niacheni kwanza nianze na sifa, maana mzee hafiki kwenye aibu yake kwa njia ya mkato.

Ndugu zangu, bima ya afya ni nyumba yenye milango, na kila mlango una siku zake. Hilo mimi sikulijua. Nilidhani ukishalipa umelipa, kama sadaka. Madamu ndiye aliyetufundisha kwamba mwisho wa mwaka kuna majuma machache ambayo aliye ndani anaruhusiwa kubadili mpango wake, na yakipita hayo, utakaa na ulichochagua mpaka Januari nyingine, upende usipende. Kwa hiyo kila Oktoba alizunguka na kalenda yake aliyopewa buchani, kalamu nyekundu mkononi, nyumba kwa nyumba. Hakuuliza, "Mnataka mpango gani?" Angeuliza hivyo tungejibu upuuzi. Aliuliza, "Mwaka huu umeongezewa dawa gani? Ngazi unapanda kwa mguu gani kwanza? Usiku unaamka mara ngapi?"

Mzee Pandu yuko pale, anajificha nyuma ya chupa ya Fanta. Mzee Pandu alichagua mpango wake kwa sababu ya picha kwenye karatasi: mama mmoja mwenye meno mazuri, anacheka kwenye majani. Baadaye ndipo alipogundua kwamba hospitali za mpango ule zote ziko mbali, na yeye anaishi Hillbrow, ghorofa ya tisa, lifti imekufa tangu Kombe la Dunia. Madamu alimkuta Novemba, mlango ukiwa karibu kufungwa. Akamwambia, "Mzee Pandu, huyu mama wa kwenye picha atakuja kukubeba?" Wakabadilisha siku hiyo hiyo. Usicheke sana, Mzee Pandu, zamu yangu inakuja.

Na kuna jambo ambalo mawakala wengine hawakuligundua kamwe. Sisi wazee Kiingereza tumekiachia wajukuu. Wakala akija, anakaa mezani na mjukuu, mjukuu anatafsiri. Sasa niambieni, ni babu gani atakayemwambia mjukuu wake amuelezee mgeni habari za kibofu? Tunasema, "Mwambie babu hana ugonjwa." Fomu inaandikwa babu hana ugonjwa. Halafu babu anapolazwa, bima inauliza: ugonjwa huu ulianza lini, na mbona hukuusema? Madamu Jocelyne alikuwa akifika anamwambia mjukuu, "Mpenzi, kimbia duka la spaza hapo kona uniletee mkate, na usirudi haraka." Mtoto akitoka, anafunga mlango, anasema kwa Kiswahili cha nyumbani, "Haya, Papa. Sasa tuongee kama watu waliooga mto mmoja." Mikate aliyonunuliwa mwanamke huyu ingelisha jeshi.

Sasa nafika kwangu. Bwana Jumbe, usitazame saa.

Mwaka jana mwezi wa saba kaka yangu mkubwa alifariki kwetu nyumbani, Kalemie. Nilijiandaa kwenda kumzika. Usiku, eish, nikafikiri kwa akili yangu hii ya darasa la nne: hospitali za bima ziko Johannesburg, mimi nitakuwa Kalemie, kwa nini nilipie kitanda ambacho sikilalii? Jina la kwanza kwenye kadi ni langu, la mke wangu liko chini yangu; nikitoka mimi, naye ametoka. Asubuhi nikapiga simu ofisini kwao, nikasema, "Stop." Neno moja. Wakauliza mambo mengi, nami nikajibu yes kwa yote. Madamu sikumwambia. Mke wangu sikumwambia. Nikapanda basi nikijiona mjanja wa wajanja.

Si mimi peke yangu. Wangapi humu mmewahi kusimamisha bima kwa sababu mnaenda nyumbani kwenye msiba? Msinyooshe mikono, nawajua.

Mlango ambao sikuujua ni huu. Mtu aliyekaa kwenye bima miaka kama sisi, akitoka na kurudi kabla ya siku tisini kupita, anapokelewa karibu kama mtu aliyekwenda msalani. Zikipita tisini, ni mgeni. Ugonjwa anaokuja nao unaweza kuwekwa nje mwaka mzima. Na mke wangu, Brigitte, Mama Gaël, macho yote mawili yalikuwa yameanza kuingia ukungu. Mtoto wa jicho. Yeye ni msusi. Mnajua wote alivyowasuka wake zenu na mabinti zenu. Daktari alikuwa ameshasema mwezi wa kumi atampasua.

Siku ya sitini, simu. "Papa Gaël, nimeona jina lako limetoka. Uko wapi?"

"Niko matangani, Madamu."

"Ya nani tena?"

"Ya kaka."

"Kaka si alizikwa miezi miwili iliyopita?"

"Ndiyo, lakini mbuzi wa kumalizia bado hawajafika."

Siku ya sabini na tano akapiga tena. "Papa Gaël, waache mbuzi. Una siku kumi na tano, na barabara peke yake inakula tisa." Akanieleza yote, polepole, mara mbili. Hata tarehe aliniambia. Siwezi kusema sikusikia.

Kwa nini sikupanda gari siku ile? Niliwaambia watu barabara ilikuwa mbaya. Barabara ilikuwa nzuri, vumbi tu. Ukweli ni kwamba kule Kalemie, kaka yangu alipokufa, mimi ndiye niliyebaki mkubwa wa ukoo. Asubuhi waliniletea kiti. Firigisi ya kuku ilikuwa yangu bila mjadala. Watu wazima walinyamaza nikikohoa. Hapa Johannesburg, ndugu zangu, miaka kumi na saba nilifungua geti la jengo moja Sandton, na walioingia hawakujua kama geti linafunguliwa na mtu au na umeme. Nikasema, niketi kwenye kiti hiki siku kumi zaidi. Kumi tu. Nani atazihesabu?

Nilifika kwa Madamu siku ya tisini na nne.

Nikamwambia, "Andika tarehe nyingine. Andika niliomba wiki iliyopita. Nani atajua?" Madamu akaiweka kalamu mezani. Akasema, "Papa Gaël, nikiandika uongo leo, watauona siku Mama Gaël amelala hospitalini amevaa gauni la kupasuliwa. Watamtoa kitandani. Unataka nikufurahishe leo au nimlinde yeye siku ile?" Akaandika tarehe ya kweli. Bima ikasema miezi kumi na miwili kwa macho.

Nikamwomba jambo la pili: asimwambie mke wangu. Akasema, "Siri ya mteja siitoi mimi. Utaitoa wewe, na usichelewe." Nimechelewa. Mama Gaël aliponiuliza mbona daktari haitwi, nilijibu, "Mambo ya fomu, huko kwa Jocelyne." Neno dogo tu. Mama Gaël akawaeleza wenzake wa kwaya, kwaya ikaeleza mtaa. Familia nne zikamhama Madamu. Mke wangu alikoma kumsalimia. Walikuwa wakipishana sokoni kama watu wasio na lugha moja. Na mke wangu mwaka ule alisuka kwa kupapasa, wateja wakaanza kwenda kwa wasusi wenye macho, naye jioni akaniambia, "Papa Gaël, laiti yule mwanamke asingesahau." Mimi nikaitikia "mmh" na kuendelea na chai.

Madamu alifanya nini? Alikuwa na neno moja la kujiokoa. Angelisema sokoni, ingetosha. Hakulisema. Badala yake aliendelea kuhesabu siku zetu kwenye kalenda yake, na siku ya kwanza mlango ulipofunguka, yeye ndiye aliyempigia daktari, kabla hata sisi hatujaamka. Jicho la kulia la Mama Gaël lilipasuliwa wiki tatu zilizopita. Limepona. Kwa hiyo toka nilipoanza kuongea ananiona vizuri sana, nami naona anavyoniona.

Mama Gaël, fomu haikusahauliwa. Niliichelewesha mimi, kwa ajili ya kiti na firigisi. Hasira uliyomwekea Jocelyne mwaka mzima ilikosea anwani. Ilete nyumbani, nitaipokea mlangoni. Na ninyi familia nne, mlihama kwa ushahidi wangu wa uongo. Murielle ana fomu za kurudi pale mezani, na mlango wa mwaka huu bado una siku kumi na moja. Murielle mwanangu, hicho ndicho cha kujifunza kwa Madamu: wahesabie siku watu wasiotaka kuhesabiwa, na usiwaandikie uongo hata wakilia.

Madamu Jocelyne, naomba unisamehe mbele ya watu, kwa kuwa nilikuchafua mbele ya watu.

Ngojeni kidogo. Mama Gaël anasimama. Bwana Jumbe, mpishe, bado jicho la kushoto haliko sawa. Anakuja huku... hapana, amenipita. Anaenda kwa Madamu. Amemshika mikono yote miwili. Sisikii wanasema nini, na nadhani haikukusudiwa nisikie.

Sasa amegeuka. Anasema, "Théodore, kaa chini." Miaka arobaini na mbili ya ndoa, hajawahi kuniita kwa jina hilo mbele za watu.

Basi nakaa. Kwa masikio mliyoniazima, ndugu zangu, nawashukuru nyote.