Somo Lile Lile Mara Tatu

Wapendwa, amani ya Mungu iwe kwenu. Mama mwenyekiti wa kundi letu ameniomba niseme kwa upole. Nitajaribu, lakini hasira bado ninayo.

Sisi tulipokuja Amerika kama wakimbizi, tulifikia Louisville, jimbo la Kentucky. Mchana nilifunga maboksi kwenye ghala kule Jeffersontown, jioni nilisoma chuo cha jamii, kile cha miaka miwili, nikitaka kuwa nesi. Somo la mwili wa binadamu lilinitoa jasho. Nilibandika majina ya mifupa kwenye friji, watoto wakacheka matamshi yangu. Nikafaulu. Tena nilipohamia tawi la upande mwingine wa mji, walinipokea na masomo yangu yote, maana vyuo vya jamii vya jimbo lile vina mpango mmoja. Nikadhani Amerika nzima iko hivyo.

Bon, mama mkwe akaugua Columbus, jimbo la Ohio, hana wa kumtunza. Tukahama. Chuoni kule, bwana wa dirishani akatazama karatasi ya alama zangu, akanirudishia.

"Mama, hii ni ya jimbo lingine. Utaanza upya."

Nikamwuliza, "Mifupa ya watu wa Kentucky na ya watu wa Ohio ni tofauti?"

Akaita anayefuata.

Nikarudia, ndugu zangu. Muhula mzima, kitabu kile kile, mgonjwa nimemwacha kwa jirani. Mungu alipomchukua mama mkwe, mume wangu akapata kazi ya kiwanda hapa Buffalo, jimbo la tatu hilo. Nikaenda chuoni tena. Nao wakaniambia nianze somo lile lile, mara ya tatu.

Siku hiyo nilirudi nyumbani Cheektowaga nikamwambia mume wangu, "Mimi na shule, basi." Vitabu nikavigawa. Mwaka mzima nikaosha wazee kwenye nyumba ya kuwatunzia, nikiona manesi wanafanya kazi ambayo mimi nimeisomea.

Dada mmoja wa kundi hili, anayesafisha ofisi za chuo, ndiye aliyenibana hapo nje baada ya ibada.

"Aliyekukatalia alikuonyesha imeandikwa wapi?"

"Hapana."

"Donc, kesho twende."

Akanipeleka kwa mshauri wa wanafunzi wanaohama. Mama yule akasoma karatasi ya alama zangu, akakunja uso. "Hawakukuomba muhtasari wa somo? Mambo mliyofundishwa, wiki kwa wiki? Ulete. Tukilikubali hapa, vyuo vikuu vya serikali vya jimbo hili tulivyopatana navyo vitalipokea pia."

Nikamwandikia mwalimu wangu wa Louisville. Akanitumia siku ile ile. Baada ya wiki mbili somo likakubaliwa.

Mnafikiri nilifurahi? Nililia kwa uchungu. Njia ilikuwepo muda wote, na watu waliolipwa kunionyesha walinyamaza. Wakubwa wanaketi, wanapatana vizuri, halafu mapatano yanabaki kwenye kabati, na mama mkimbizi anarudishwa nyuma kwa neno moja la dirishani.

Leo niko muhula wa mwisho wa unesi. Namshukuru Mungu, mwalimu yule, mshauri yule, mume wangu aliyepika miaka yote hii bila kunung'unika, na wewe dada, unajijua.

Ninachowaachia ni hiki: mtu akikwambia hapana, usiondoke mpaka akuonyeshe imeandikwa wapi. Najua humu ndani wako wenye karatasi za shule zimelala chini ya godoro. Jumanne asubuhi ninaenda chuoni, na gari langu lina nafasi nne. Nani anakuja?