Sauti ya Bi. Editha Isiachwe Wazi

Bi. Editha Mkude anastaafu Juni 30 mwaka huu, baada ya miaka thelathini na mitatu katika kiwanda chetu cha sukari. Aliajiriwa ufungashaji, lakini mkoa mzima unamjua kwa kwaya ya wafanyakazi. Naandika haya mimi Amosi, besi wake. Nikiguna mimi, nyani wa Uluguru wanahamia Gairo, na mashahidi wapo.

Kwaya nyingine zinapanga sauti nne, basi. Bi. Editha, mzaliwa wa Matombo, alichukua nyimbo zilezile akaziwekea kodi ndefu, yaani sauti nyingi zinazolia pamoja: juu ya do, mi, so akapandisha ya saba, ya tisa, mpaka ya kumi na moja, kila moja na mwenyewe. Wimbo haubadiliki, ila unausikia una vyumba vya ndani. Siku tuliyotwaa kombe la viwanda, jaji alitaka nifunue joho aone kama sikuficha kinanda.

Ya tisa ilikuwa ya Raphael, fundi wa boila. Mvuke ulipomuua, tukatafuta wa kushika nafasi yake. Bi. Editha akatukatalia: "Nani anavaa shati la marehemu kabla ya arobaini? Iacheni wazi." Tukaimba mazikoni na pengo lile. Mjane wake, Filomena, akalisikia, akainua kichwa. Baadaye, walipofariki waimbaji wenzetu Rehani na Jesca, tukawaachia nao mapengo yao. Tumezika wengi. Hata mimi, niliyewahi kumfukuza chui kwa mwiko, nimeimba nikitazama viatu.

Mwaka huu Bi. Editha alipasuliwa koo, na sauti haikurudi. Ya saba ni yake. Juzi mazoezini, yeye akiwa amekaa kwenye benchi, tulipofika pale hakuna aliyethubutu kuishika. Tukaiacha wazi, tukidhani ni heshima. Akapiga benchi kwa kiganja, akanong'ona: "Amosi, mmeshanizika? Jazeni hapo!"

Tukaanza upya. Furaha wa maabara akaikamata ya saba. Bi. Editha akafumba macho, akasikiliza, kisha akainua kidole: panda kidogo. Furaha akapanda.

Ahsante, dada Editha, kwa kutufundisha kuimba na hata kunyamaza. Nenda Matombo, kaone mipapai yako. Uishi sana. Ya saba imepata mtu, na sisi hatuna haraka yoyote ya kuiacha wazi.