Herménégilde Niyonkuru, Aliyetengeneza Vitu Vyenye Kutembea

Baba Padri, masheikh mliotuheshimu kwa kuja, wakwe zetu wa ukoo wa Tambwe, majirani wa Kavimvira, na ninyi mliotoka Luberizi alfajiri kwa barabara ile tunayoijua sote, mimi ni Bernardine Ninahazwe, yaya wa marehemu, dada yake mkubwa wa tumbo moja, na familia imenichagua niwasomee maisha yake kwa sababu, walisema, mimi ndiye ninayeweza kusoma bila kulia. Tutaona.

Ndugu yetu Herménégilde Niyonkuru, ambaye wengi wenu mlimwita Mene, alizaliwa Luberizi tarehe 14 Agosti 1979, mtoto wa tano wa marehemu baba yetu Candide Irankunda, mkulima wa mpunga, na marehemu mama yetu Consolate, ambaye mpaka uzeeni alisimulia kwamba mtoto huyu alitembea kabla hajajua kukaa vizuri. Nyumba yetu ilikuwa kando ya barabara ya Bukavu, na malori yalipokwama kwenye matope Mene aliwaacha ng'ombe wa baba waingie kwenye mpunga wa watu, akaenda kuchuchumaa mbele ya lori, akiangalia bampa lilivyopinda, taa ipi imekufa, jina gani limeandikwa juu ya kioo. Fimbo alizochapwa kwa ajili ya ng'ombe hao hazikumsaidia kitu, na baadhi yake nilizichapa mimi, sijutii.

Alianza shule ya msingi hapo Luberizi mwaka 1985, akamaliza 1991, kisha akateremka Uvira kwa masomo ya sekondari, upande wa mekanika, akayakatisha Oktoba 1996 wakati sisi wote tulipokimbia vita, akayarudia, na akapata diploma yake ya serikali mwaka 1998. Mwaka uliofuata aliingia kazini kwenye bandari ya Kalundu kama fundi wa malori, akahama gereji moja kwenda nyingine, si kwa kufukuzwa, hapana, kila patroni alimlilia, ila Mene akishajua magari yote ya mahali miguu ilianza kumwasha.

Tarehe 17 Julai 2004, hapa Uvira, alimuoa Furaha Tambwe, binti ya Mzee Tambwe Ismaili, mfanyabiashara wa vitenge, na kwa kuwa yeye ni Mkatoliki na bibi ni Muislamu, pande zote mbili zilinuna kweli kweli, sitawataja, wengine mmekaa hapa mbele na leo ninyi ndio mnaolia kwa sauti kubwa. Mungu aliwajalia watoto watatu, Jolie aliyezaliwa 2006, Osée wa 2010, na Sumaya wa 2014. Mwaka 2011 walijenga nyumba yao Kavimvira, si mbali na barieri ya mpakani, vyumba vitatu, jiko la nje, ukuta wa kijani, na Furaha alipoingia siku ya kwanza alivua viatu mlangoni akatangaza kwamba hapa ndipo amefika, hatoki tena. Naomba mlikumbuke neno hilo.

Sasa nije kwenye ile kazi ambayo wengine mliicheka. Mwaka 2013 dereva mmoja aliyepoteza lori lake korongoni alimwomba Mene amtengenezee mfano wake, kitu kidogo cha kuweka juu ya meza, na Mene akalikata lori lile kutoka kwenye kopo la mafuta, magurudumu akayachonga katika soli za kambambili, likawa na urefu wa kiganja, na mlango wa kushoto akaubonyeza ukawa na bonde dogo, kwa sababu lori lenyewe liligongwa hapo na fahali wa watu huko Sange. Dereva alipoliona bonde lile alikaa chini. Picha ikazunguka kwenye simu, ikafika Ulaya kwa watoto wa madereva wengine, na mwaka 2016 Mene akafungua ukurasa wake mtandaoni, akauita Malori Yetu, duka lisilo na mlango wala kibao, linaloonekana kwenye simu tu. Watu wakaanza kuagiza, huyu anataka lori alilopanda akienda shule, yule anataka mashua iliyomvusha mama yake kwenda Kigoma, na wako waliokusanya yote wakayapanga kwenye kabati, wakagombana mtandaoni nani anayo na nani hana.

Alikuwa na sheria zake, na alizishika kuliko wengine wanavyoshika Kwaresima. Kila gari alilitengeneza mara kumi na mbili tu, na namba chini ya tumbo, hata ukilia la kumi na tatu hulipati. Hakuanza gari kabla ya kupata mashahidi wawili waliolijua lenyewe, aliwapigia simu wazee mpaka Kalemie kuuliza kiti cha dereva kilipasuka upande gani. Na hakuuza kitu kisicho na kidonda chake, ndivyo alivyoita yale mabonde na mikwaruzo, alisema gari bila kidonda ni gari la mtu mwingine. Mteja mmoja wa Kinshasa aliandika kwamba anataka lake zima, jipya, linalong'aa, na Mene akamjibu kwa adabu aende kwenye duka la watoto.

Tarehe 17 Aprili 2020 maji yalishuka kutoka mlimani, mnakumbuka, hakuna wa hapa asiyekumbuka, na nyumba ya kijani ikaenda. Mene alitoka na watoto, Furaha, na kantini moja, sanduku la chuma lenye koleo zake na mifano, na Furaha mpaka leo anauliza kwa nini kantini na si magodoro. Wakapanda Lemera kwa shangazi yetu, na duka likapanda nao, ila mtandao kule ulikuwa unapatikana juu ya kilima tu, basi wenyeji walizoea kumwona mtu mzima amesimama katikati ya mihogo yao, mkono juu, akiongea na Ubelgiji. Mwaka 2021 wakarudi Uvira, wakapanga Mulongwe, ziwa likapanda likawafuata, wakapanga Kasenga, mwenye nyumba akauza, wakapanga tena. Kila mahali Furaha alifungua vitu, kisha akavifunga.

Ni huko Mulongwe alipomwomba mume wake jambo moja. Wateja walikuwa wameanza kuuliza mifano ya nyumba, kwa kuwa wengi waliondokewa na nyumba mwaka wa maji yale, na Mene alikuwa akiwakatalia wote, naye Furaha akamwambia, nilikuwepo, nilikuwa natwanga sombe, majani ya mihogo, "Weye, wakatalie, lakini yangu moja utanifanyia, ile ya kijani." Mene hakuinua hata kichwa. "Minye natengenezaka vitu vyenye kutembea," alisema, "nyumba haitembeake." Furaha akamwambia, "Yetu ilitembea, ilienda mpaka mu ziwa." Hapo nilicheka, peke yangu. Mene akaweka koleo chini, akasema, "Nikiifanya itakuwa ni kusema ilishakufa, minye nitakujengea ya kweli, palepale," na akatoka nje. Furaha alilirudia lile ombi kila walipohama, naye akakataa kila mara, na niwaambie ukweli, wakwe zetu, mimi nilikasirika kwa niaba yenu, mtu anakumbuka vidonda vya malori ya ulimwengu mzima, mke wake anamwomba kuta nne, anakataa!

Mwezi wa pili mwaka 2025, vita viliposogea, tulivuka kwenda Burundi pamoja na watu wengi, na familia ya Mene ikapata chumba Bujumbura. Hapo ndugu yangu alifanya kosa ambalo ni mtu wa Kavimvira tu anayeweza kulifanya. Alinunua laini ya Burundi, akafungua ukurasa wake kutoka kule, ukurasa ukashtuka, ukajifunga, ukadai namba ya siri iliyotumwa kwenye laini yake ya Kongo, ambayo Bujumbura haisomi. Mtu mwingine angebadilisha laini na anwani mara moja. Yeye hapana, alisema akiandika Bujumbura watu watajua amehama, na yeye hakuhama, yuko njiani tu. Basi akapanda basi mpaka Gatumba, mahali ambapo mtandao wa kwetu unavuka barieri bila kuonyesha karatasi kwa mtu, akasimama hapo na simu juu ya kichwa, anaiona Uvira kwa macho, na askari wa mpakani wakimuuliza anatafuta nini. Namba ikaingia, duka likafunguka, na baada ya muda likajifunga tena, naye akarudi Gatumba, hivyo hivyo miezi yote ile, mpaka wanaobadilisha pesa pale wakamwekea kiti, naye hakukikalia. Juu ya ukurasa imeandikwa mpaka leo: Kavimvira, karibu na barieri.

Walirudi Uvira mwezi wa saba, na mwezi wa tisa ugonjwa wa figo, aliokuwa nao kimya muda mrefu, ulimlaza. Alitibiwa hapa mjini, akapelekwa Lemera, akarudishwa, na hata kitandani alikuwa anaomba kitanda kigeuzwe kielekee mlango. Katika siku hizo alinipigia simu, mimi niko Luberizi kwenye mavuno, akaniuliza, "Yaya, dirisha ya jikoni, ilikuwa inafungukia ndani ao inje?" Nikamwambia nje, kwani liliwahi kunigonga kichwa. Kisha akaniuliza ufa wa ukuta wa sebule ulianzia juu au chini. Nilimjibu, nikakata simu, nikawaambia watoto wangu kwamba homa imempanda mjomba wenu, anauliza nyumba aliyoijenga kwa mikono yake. Baadaye Hyacinthe, aliyekuwa jirani yao Kavimvira, aliniambia naye aliulizwa maswali yale yale. Mashahidi wawili. Nami, msomi wa familia, sikuelewa.

Ndugu yetu alituaga Jumapili tarehe 9 Novemba 2025, saa kumi na moja alfajiri, hapa Uvira, mikononi mwa bibi yake Furaha. Furaha alipofungua kantini kutafuta koti la kumvalisha, chini ya koti alikuta kitu kimefungwa kwenye kitenge, akakifungua mbele yetu. Ilikuwa nyumba ya kijani. Vyumba vitatu, jiko la nje, dirisha linalofungukia nje, ufa unaoanzia juu, na kuzunguka kuta zote mstari wa kahawia pale maji yalipofika, na chini yake hakuandika moja kwa kumi na mbili, aliandika moja tu. Jolie alikiri kwamba yeye ndiye aliyekuwa akimkatia mabati, na kwamba baba yake alimkataza kusema. Sisi wanawake tukaanza kulia, lakini Furaha alikuwa ameigeuza nyumba juu chini, akacheka, alicheka mpaka mashangazi wakamshika wakidhani akili imeruka. Nyumba ilikuwa na magurudumu manne ya kambambili.

Familia ya marehemu inawashukuru madaktari na wauguzi wa hapa Uvira na wa Lemera, mliopigana na ugonjwa ule mkiwa na dawa chache na umeme wa mara moja moja, inawashukuru majirani wa kila mtaa tuliowahi kupanga, na ni mingi, tutasahau wengine, mtusamehe, inawashukuru mafundi wenzake wa Kalundu, wabadilisha pesa wa mpakani, Kanisa na Msikiti, na wateja wa Malori Yetu ambao tangu Jumapili wanatuandikia kutoka nchi ambazo mimi siwezi kuzitamka. Mmoja wao anaomba kununua nyumba ile. Jolie, ambaye sasa ndiye mwenye duka, ameshamjibu kwamba haiuzwi, na kwamba maagizo ya malori yanaendelea baada ya matanga.

Jambo la mwisho Furaha aliniomba nilisome kama lilivyo, nanyi mnisubiri kidogo, kwa sababu nilidanganya hapo mwanzo kuhusu kulia. Usiku wa kuamkia leo alichukua koleo la mume wake, akang'oa magurudumu yale, moja moja, akayatia kwenye mfuko wa koti alilovalishwa marehemu, kwa kuwa anamjua, hata huko hatakaa. Nyumba ameibakiza. Ameiweka chini, mlangoni pa chumba wanachopanga, na akavua viatu mbele yake.

Nenda, Mene, ukipenda kutembea tembea, magurudumu unayo mfukoni. Na ukichoka, mdogo wangu, ulale kwa amani, sisi tumeshafika.